Shina Lililo Chini ya Magamba

Waluguru na majirani zao Wazaramo, Wakwere na Wakutu wana mtoto wa mti. Huitwa mwana hiti. Ni kinyago kidogo cha kushikwa mkononi, hakina mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni kigogo cha mviringo, na usoni macho na pua vimedokezwa tu. Fundi hakupoteza muda huko. Ustadi wake aliupeleka kichwani, kwenye nywele: vishungi viwili vilivyosimama sambamba, vimechongwa kwa uangalifu. Baadhi ya vinyago hivyo vimepachikwa nywele halisi za mtu. Mwali aliyewekwa ndani alikabidhiwa mwana hiti amlee kama mwanawe, ampake mafuta ya nyonyo na kumpamba. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi na Wazaramo katika miaka ya 1960, alieleza kwa kina jinsi kitu hicho kidogo kilivyobeba tumaini la uzazi na la kuendelea kwa ukoo.

Milimani Uluguru, ambako ukoo na ardhi vimefuata upande wa mama kwa vizazi vingi, tumaini hilo si jambo dogo. Basi mwanamke wa Kinole au Matombo anayekuta fungu la nywele limebaki kwenye kitana, huku ngozi ya kichwa imeota magamba mazito meupe, hushtuka kwa sababu zilizotangulia saluni zote za mjini Morogoro. Sura hii inahusu magamba hayo, nywele zinazoondoka nayo, na jina la ugonjwa ambalo huchelewa kutajwa.

Majina manne

Mgonjwa wa kichwa huanzia kwa msusi. Yeye ndiye anayegawa nywele kwa ncha ya kitana, anayeziona njia kati ya misuko, na ndiye wa kwanza kujua kwamba leo kuna kitu. Unga mweupe unaodondoka mabegani anauita mba, na kwa mba ana tiba: shampuu, mafuta, kuosha kichwa mara kwa mara. Akiona sehemu zimebaki wazi, jina linabadilika, yanakuwa mapunye. Mgonjwa anaelekezwa duka la dawa, na anatoka huko na vidonge vya griseofulvini au tyubu ya krimu ya fangasi.

Jina la mapunye huja upesi mdomoni kwa sababu kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania ameyaona. Wanafunzi hunyolewa, wavulana kwa wasichana, na kichwa kilichonyolewa hakifichi kitu. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa shule za msingi Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta zaidi ya nusu yao wana tatizo fulani la ngozi, na fangasi wakiwa miongoni mwa matatizo makubwa. Lakini mapunye ni ugonjwa wa watoto hasa. Mtu mzima wa miaka 35 anayeambiwa ana mapunye kwa mara ya kwanza maishani anapaswa kuuliza tena.

Jina la tatu hutolewa nyumbani, nalo ni jina pana: fangasi sugu, joto la mwili, damu chafu. Dawa zake ziko karibu: mafuta ya nazi, utomvu wa mshubiri, maji ya majani ya mwarobaini. Mafuta ya nazi yana kazi ya kweli hapa, tutayarudia. Wapo pia wanaopaka mafuta ya taa, nayo huunguza ngozi ambayo tayari imechubuka.

La nne husemwa kwa sauti ya chini. Wasichana wengi hufundishwa kuzikusanya nywele zao baada ya kusuka, wazichome au wazifukie, zisije zikaokotwa na mwenye nia mbaya. Nywele zinapoondoka kwa mafungu bila kisa, wazo la kwamba kuna aliyeziokota halina mbali pa kutoka. Mgonjwa anapelekwa kwa mganga, na miezi inapita.

Msusi, muuza dawa, bibi na mganga wametaja kila mmoja alichokijua. Magamba yamebaki palepale.

Jina la tano

Jina la tano ni soriasisi. Ni ugonjwa wa ngozi usioambukiza, unaotokana na kinga ya mwili kushambulia ngozi ya mwenyewe kana kwamba imevamiwa. Ngozi ya kawaida hujibadilisha taratibu: seli huzaliwa chini, hupanda juu na kupukutika bila kuonekana, safari ya takribani siku 28. Kwenye baka la soriasisi safari hiyo hufupishwa kuwa siku 3 hadi 5. Seli mpya zinafika juu kabla za zamani hazijaondoka, kama abiria wa stendi ya Msamvu wanaojazana mlangoni mwa basi huku waliomo ndani hawajashuka. Msongamano huo ndio magamba.

Ugonjwa hutembea katika familia, ingawa si kila mwenye asili hiyo huugua. Kwa wengi huhitaji kichocheo: maambukizi ya koo, msongo wa mawazo, pombe, sigara, baadhi ya dawa, au jeraha. Daktari Mjerumani Heinrich Koebner aliona katika karne ya 19 kwamba soriasisi huota palepale ngozi ilipokwaruzwa. Kwa kichwa cha Mtanzania, ugunduzi huo una maana ya kila wiki: ncha ya kitana, wembe wa kinyozi, uzi uliokazwa, dawa ya kulainisha nywele iliyokaa muda mrefu mno, vyote ni majeraha madogo yanayoweza kuualika ugonjwa.

Hali ya hewa nayo ina mchango wake. Mwanga wa jua hutuliza soriasisi, na baridi huichochea. Mkulima wa mboga wa Nyandira, tarafani Mgeta, huishi na ukungu na baridi ya Juni na Julai ambayo jamaa yake wa mjini Morogoro, chini kabisa ya milima hiyohiyo, haijui. Kichwa hakifaidi jua kama viwiko na magoti yanavyofaidi, maana kinafunikwa na nywele zenyewe, kisha kilemba, kisha wigi. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya mabaka ya kichwani kukaa muda mrefu hata ya mwilini yakiwa yamepungua. Kwa nusu ya wagonjwa wa soriasisi au zaidi, kichwa ni miongoni mwa sehemu zinazoguswa; kwa wengine ndiyo sehemu pekee.

Nywele huendaje

Kila unywele una zamu zake. Hukua kwa miaka kadhaa, husinyaa kwa wiki mbili tatu, hupumzika kwa miezi mitatu hivi, kisha huanguka na mwingine kuchukua nafasi. Kichwa chenye afya hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku na mwenyewe asijue, kwa kuwa zamu hazigongani. Uvimbe wa soriasisi huzigonganisha. Nywele nyingi kwenye baka husukumwa kwenda kupumzika kabla ya wakati wake, na baada ya wiki kadhaa zinaachia kwa pamoja. Vidole navyo vinamalizia kazi. Baka huwasha, mgonjwa hujikuna, na gamba linapobanduliwa kwa kucha huondoka na nywele zilizopita katikati yake.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba vilisema soriasisi haiondoi nywele. Mwaka 1972 daktari Sam Shuster wa Newcastle, Uingereza, aliandika makala akiupinga usemi huo. Alitenganisha namna tatu: nywele kupungua kwenye baka lenyewe, ambayo ndiyo ya kawaida, nywele kuanguka kwa wingi kichwa kizima wakati ugonjwa unapopamba moto, na mara chache, kovu linaloua shina la unywele moja kwa moja.

Mpangilio huo ndio habari kubwa ya sura hii. Katika namna mbili za kwanza shina halijafa. Kifuko chake kiko chini ya magamba, kimelala, na uvimbe ukitulizwa huamka na kuotesha unywele mpya. Namna ya tatu ni adimu, na huonekana zaidi kwa watu waliokaa na ugonjwa mzito miaka mingi bila tiba. Kwa hiyo muda unaopotea kati ya msusi, duka la dawa na mganga unaweza kupeleka kichwa kutoka kwenye upara unaorudi kwenda kwenye upara usiorudi.

Kuna namna nyingine ya magamba inayowatisha wazazi. Magamba huganda kama gundi na kuzifunga nywele pamoja tangu mizizini, mfano wa vigae vilivyopangwa juu ya paa. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert aliieleza mwaka 1832. Hutokea kwa watoto na vijana, na soriasisi ni mojawapo ya visababishi vyake. Kuyang'oa kwa kitana ni kuzing'oa nywele. Kuyalainisha kwa mafuta usiku kucha ni kuziokoa.

Rangi ambayo vitabu viliiacha

Mwanafunzi wa udaktari anayefungua kitabu kilichoandikwa Ulaya hukutana na soriasisi ya rangi ya waridi au nyekundu yenye magamba ya fedha. Akija kwenye zahanati ya Matombo na picha hiyo kichwani, hataiona. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Baka huonekana zambarau nzito, kahawia au kijivu, na magamba yake yana rangi ya majivu. Likipona huacha alama nyeusi au nyeupe inayokaa miezi, na mgonjwa hudhani bado anaumwa. Daktari Mwingereza Barbara Leppard, aliyefanya kazi Moshi kwa miaka, alitoa mwaka 2002 kitabu cha picha za magonjwa ya ngozi ya Kiafrika, ili mhudumu alinganishe ngozi iliyo mbele yake na ngozi inayofanana nayo.

Rangi ikiwa haisaidii, mipaka husaidia. Baka la soriasisi lina ukingo unaoonekana wazi, na mara nyingi hutokeza nje ya mstari wa nywele, kwenye paji la uso, shingoni na nyuma ya masikio. Mba wa kawaida husambaa bila mpaka, na magamba yake ni membamba yenye mafuta. Mapunye hukata nywele: kwenye kipara cha mapunye huonekana vidoa vyeusi vya nywele zilizovunjikia kwenye ngozi, na tezi za shingo huweza kuvimba. Nywele za soriasisi hazivunjiki hivyo; hupenya gamba zikiwa nzima, chache kuliko ilivyokuwa. Kisha mhudumu anayejua kazi yake humwomba mgonjwa aonyeshe viwiko, magoti na kucha. Kucha zenye vishimo vidogo, kama vya subana ya fundi cherehani, humaliza mabishano mengi. Mashaka yakibaki, ukoko uliokwanguliwa hutiwa tone la dawa na kutazamwa kwa hadubini. Kama kuna fangasi, kwa kawaida wataonekana.

Misuko nayo ina upara wake, na mara nyingine huchanganywa na huu. Nywele zinazoondoka kwenye kingo za paji la uso na juu ya masikio, pasipo magamba yoyote, kwa kawaida zimeng'olewa na rasta nzito au wigi lililobana. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na shida zote mbili: soriasisi imeondoa za katikati, misuko ya kuifichia imeondoa za pembeni.

Majina yenye kutisha

Mkoa wa Morogoro unaijua historia ya watu waliotengwa kwa sababu ya ngozi. Chazi, wilayani Mvomero, ilikuwa kambi ya wagonjwa wa ukoma. Soriasisi na ukoma vimechanganywa tangu kale, na Ulaya kwenyewe havikutenganishwa vizuri hadi mwaka 1841, Ferdinand von Hebra wa Vienna alipoonyesha kwamba ni magonjwa mawili. Kuvitofautisha hakuhitaji mtambo. Baka la ukoma hupoteza hisia, likiguswa kwa pamba mgonjwa hajui. Baka la soriasisi huwasha na kuuma. Nywele ambazo ukoma mkali huziondoa kwa kawaida ni nyusi. Za kichwani huziacha. Na ukoma wenyewe siku hizi hutibiwa kwa vidonge vinavyotolewa bure. Mgonjwa wa soriasisi anayenyimwa sahani au kiti kwa hofu ya kuambukiza ananyimwa bila sababu yoyote.

Kisha kuna UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata watu walijifunza kuusoma ugonjwa juu ya mwili: kukonda, madoa ya ngozi, nywele kuwa nyepesi na laini na kupungua. Mtu mwenye nywele zinazonyonyoka alihukumiwa mtaani kabla ya kupimwa. Ukweli una pande mbili. Soriasisi inayolipuka ghafla kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kuwa nayo inaweza kuwa dalili ya kwanza ya VVU, na madaktari wa Afrika Mashariki na Kusini waliiona mara nyingi kabla ya dawa za kufubaza virusi kupatikana. Kwa sababu hiyo kipimo ni ushauri mzuri, na anayekutwa na virusi akianza dawa, ngozi yake mara nyingi hutulia pia. Lakini watu wengi wenye soriasisi hawana VVU.

Dawa ya malaria nayo ina ukurasa wake katika habari hii. Kwa miongo mingi klorokwini ilikuwa dawa ya kila nyumba, hadi mwaka 2001 Tanzania Bara ilipoiacha kama tiba ya kwanza na kuweka SP (sulfadoksini na pirimethamini), na baadaye dawa mseto. Wazee wengi wanakumbuka ule muwasho wa mwili mzima baada ya kuimeza. Klorokwini inaweza pia kuichochea soriasisi iliyolala. Dawa nyingine zenye tabia hiyo bado zinatumika, zikiwemo propranololi ya shinikizo la damu na lithiamu ya magonjwa ya akili. Mgonjwa hapaswi kuziacha kwa uamuzi wake. Anapaswa kumtajia daktari kila anachokimeza.

Mtu mmoja

Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio lililotambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, unaoumiza, unaoharibu sura na kulemaza. Miaka miwili baadaye Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti yake kuhusu ugonjwa huo. Ndani yake kuna kiwango cha chini na cha juu kilichowahi kuripotiwa katika nchi mbalimbali: kutoka asilimia 0.09 hadi asilimia 11.43 ya watu. Hiyo ya juu ni ya Norway. Hiyo ya chini kabisa ni ya Tanzania.

Inatoka kwenye utafiti wa magonjwa ya ngozi vijijini uliochapishwa mwaka 1996. Waliochunguzwa walikuwa watu zaidi kidogo ya 1,000, nyumba kwa nyumba, na zaidi ya robo yao walikuwa na ugonjwa wa ngozi unaotibika. Sasa mtu achukue kalamu: asilimia 0.09 ya watu 1,100 ni mtu mmoja. Takwimu iliyozunguka dunia nzima katika ripoti na mihadhara ina mwanakijiji mmoja ndani yake. Laiti angekuwa ameenda mnadani siku hiyo, kiwango cha Tanzania kingekuwa sifuri. Laiti jirani yake angevua kilemba, huenda kingekuwa maradufu.

Hata kikichukuliwa kama kilivyo, kiwango hicho kina uzito. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 3.2 hivi mkoani Morogoro. Asilimia 0.09 yao ni takribani watu 2,900, na vichwa vya nusu yao au zaidi vingekuwa na magamba. Na kuna sababu ya kudhani ni wengi zaidi. Kwenye kliniki za ngozi za Kenya, Uganda na Tanzania soriasisi huonekana mara nyingi kuliko Nigeria au Ghana, tofauti ambayo watafiti Leder na Farber waliijadili mwaka 1997 walipolinganisha mashariki na magharibi ya bara hili. Mwafrika Mashariki hana kinga ya kuzaliwa dhidi ya ugonjwa huu. Alichokosa ni wa kumhesabu.

Njia ya kuelekea Moshi, na kurudi

Tatizo la wahudumu lilitambuliwa mapema. Mwaka 1992 kilifunguliwa kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kwa ushirikiano na taasisi ya kimataifa ya madaktari wa ngozi. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mjerumani Henning Grossmann. Baadaye kiliongozwa na Watanzania, akiwemo Profesa John Masenga. Wazo lake lilikuwa la kiutendaji. Madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na hukaa miji mikubwa. Basi wachukuliwe matabibu na wauguzi ambao tayari wanahudumu wilayani, wafundishwe ngozi kwa miaka miwili, kisha warudi walikotoka. Wanafunzi wamekuja kutoka nchi nyingi za Afrika. Kituo hicho pia huchanganya dawa zake za kupaka, maana marhamu iliyoagizwa nje ina bei ambayo mkulima wa maharage haiwezi.

Kwa mtu wa Uluguru ngazi ziko hivi: zahanati ya kijiji, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro, na juu yake Muhimbili au KCMC. Chini ya ngazi zote kuna duka la dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kufika Morogoro miaka michache baadaye, ambapo muuzaji hupewa mafunzo na kibali. Huyo, pamoja na msusi, ndio wanaokutana na vichwa vingi zaidi. Wangefundishwa sentensi moja tu, kwamba magamba mazito yenye mpaka kwa mtu mzima yaonwe na mtabibu wa ngozi, wangeokoa nywele nyingi kuliko chupa yoyote iliyo rafuni.

Mafuta, lami na subira

Tiba ya kichwa huanza kwa kuondoa magamba, kwa kuwa dawa haipenyi ukuta. Hapa ndipo mafuta ya nazi yanaporudi: yakipakwa usiku na kichwa kikafungwa kitambaa, magamba huamka laini. Mhudumu huongeza asidi ya salisiliki ndani ya mafuta au marhamu, nayo hulegeza gundi inayoshikanisha seli. Kichwa huoshwa asubuhi na magamba yanaachwa yatoke yenyewe. Ngozi ikishakuwa wazi hupakwa dawa ya kutuliza uvimbe, kwa kawaida ya jamii ya steroidi kama betamethasoni, kwa wiki chache na kwa kupunguza taratibu. Lami ya makaa ya mawe, dawa ya zamani yenye harufu kali, bado imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na bei yake ni nafuu.

Maelekezo ya Ulaya husema shampuu ya dawa itumike kila siku au siku mbili. Nywele za Kiafrika zikioshwa hivyo hukauka na kuvunjika. Mara moja kwa wiki inatosha, na dawa ya mafuta hufaa kuliko ya spiriti. Misuko iwe mikubwa na iliyolegea, isikae wiki nyingi, na ngozi kati ya mistari iweze kufikiwa na dawa.

Ugonjwa ukiwa mzito hutumika methotrekseti. Asili yake ni mwaka 1951, daktari Mmarekani Richard Gubner alipotumia dawa ya jamii hiyo kwa wagonjwa wa viungo na kuona ngozi za wenye soriasisi zikisafika. Humezwa mara moja kwa wiki. Makosa ya kuimeza kila siku yameua watu. Mjamzito haruhusiwi kuitumia, na damu na ini hupimwa mara kwa mara.

Kinachopaswa kuogopwa ni njia ya mkato. Ile sindano inayoitwa ya aleji, na vidonge vya prednisoloni vinavyouzwa bila cheti, husafisha ngozi kwa siku chache za furaha. Dawa ikiisha soriasisi inaweza kurudi kwa ghadhabu, mwili mzima ukiwaka vipele vya usaha, hali inayohitaji kulazwa. Mkorogo wa kung'arisha ngozi, ambao mara nyingi una klobetasoli, steroidi kali, ndani yake, hufanya ujanja huohuo na huacha ngozi imechujuka.

Mgonjwa pia aulizwe viungo. Walio na soriasisi ya kichwani na ya kucha wako hatarini zaidi kupata ugonjwa wa viungo unaoandamana nayo, na vidole vinavyoamka vimekakamaa alfajiri vina maana kubwa kwa mtu anayeshika jembe kwenye mteremko wa Uluguru. Ukipatiwa tiba mapema, viungo vinaweza kuepushwa na kupinda.

Nywele zenyewe hurudi kwa mwendo wake. Vipimo vya mtafiti Mfaransa Geneviève Loussouarn, vilivyochapishwa mwaka 2001, vilionyesha kwamba unywele wa Kiafrika hukua takribani robo ya milimita kwa siku. Mwanamke wa Mgeta anayeanza dawa mwishoni mwa Oktoba, vuli ikikaribia, huona magamba yakipungua ndani ya wiki chache huku kichwa bado kikiwa wazi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mashina yanamalizia mapumziko yao. Januari au Februari, akipitisha kidole nyuma ya sikio, huhisi kitu kama ncha za majani yaliyofyekwa. Masika yakifika Mei, nywele zimefika sentimita mbili na kitu, fupi kwa rasta, lakini zinatosha kushikwa na uzi.